Barua ya wazi kwa magavana wetu: kabla hamjachora maktaba, mwiteni mkutubi kwanza

Waheshimiwa magavana, mawaziri wa kaunti mlioshika utamaduni, na nyinyi MCA, wajumbe wa mabunge ya kaunti mnaopitisha bajeti,

Hamjambo, na kwa wazee waliomo humo, shikamooni. Naandika kutoka Lowell, Massachusetts, mji ambao sisi Wakenya tumejaa kiasi kwamba ukiingia dukani Jumamosi lazima upate wa kukuuliza kwenu ni wapi. Mimi si akitekti, si mkutubi, sigombei kiti chochote, ila maktaba nazipenda na nina neno ambalo naona bora niliseme hadharani manake nikiliandika kwa barua ya ofisi litaishia kwenye faili.

Neno lenyewe ni hili. Mkitaka kujenga maktaba, na najua wengine wenu mko mbioni, mwiteni mkutubi kabla akitekti hajashika kalamu, alafu pesa za kuiendesha zifungwe kisheria kabla hamjakata utepe. Na bado iwe nzuri. Yote matatu kwa pamoja, sio mchague mnalolipenda. Nitawaeleza kwa nini nikitumia jengo moja la hapa karibu, la enzi za Malkia Victoria, jengo ambalo kwa uzuri walipiga bao kabisa lakini kwa upande wa mkutubi walichemsha, na mji wenyewe umekaa na hilo deni kwa miaka 140.

Kwa nini nawasumbua nyinyi na sio serikali kuu mnajua wenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, maktaba ni kazi ya kaunti. Tena ukikisoma hicho kipengele utacheka, maktaba zimewekwa fungu moja na kasino, leseni za pombe na maonyesho ya video. Leseni za pombe mlizidaka chapchap, hizo hatuna wasiwasi nazo.

Sasa twendeni Woburn.

Woburn ni mji mdogo kati ya Lowell na Boston, treni yetu inapita hapo. Miaka ya 1870 ulikuwa na watu kama elfu kumi tu, chini ya wanaojaa uwanja wa mpira derby ikipamba moto, na kazi kubwa ya pale ilikuwa ngozi. Kulainisha ngozi, kupaka rangi ngozi, kuuza ngozi kwa wanaoshona viatu kule Lynn na kwingineko. Jimbo zima hili lilikuwa linameza ngozi mbichi kutoka kila bandari, na msidhani sisi hatumo, meli za Salem, hapahapa Massachusetts, zilikuwa zikifika Unguja tangu miaka ya 1820, zikishusha vitambaa vya merikani na kupakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kwa hivo mtu wa Pwani akisikia habari za utajiri wa huku asijione mgeni sana.

Mwaka 1851 jimbo lilipitisha sheria inayoruhusu mji wowote kutumia kodi yake kuanzisha na kuendesha maktaba ya umma. Mwaka mmoja nyuma Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha ya kwao. Sasa palikuwa na tajiri mmoja wa ngozi pale Woburn, Jonathan Bowers Winn, ambaye alichaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo mwaka 1853. Mkutano ulipokwisha akalipwa posho yake ya ujumbe, dola 300, na yeye akaipeleka kwa mji akasema hii ni ya kuanzisha maktaba, ila na nyinyi mtoe kiasi hichohicho. Mji ukatoa. Maktaba ikafunguliwa 1856.

Waheshimiwa MCA, naomba mrudie kusoma hapo juu. Posho ya vikao. Mimi simsemi mtu, nasema tu kwamba limewahi kutokea duniani.

Alafu mtoto wake, Charles Bowers Winn, alipofariki mwaka 1875, wasia ukafunguliwa, kumbe ameachia mji zaidi ya dola laki moja, kwa pesa za wakati ule hizo ni pesa ndefu sana, wajenge jumba la maktaba kwa kumbukumbu ya babake, na juu ya hapo picha zake za kuchora. Kamati ya mji ikaitisha mashindano, kampuni za Boston zikaleta michoro, na walioshinda ni Gambrill na Richardson, lakini mwenye mkono wake hapo ni Richardson, huyo mwenzake alikuwa jina tu mlangoni.

Henry Hobson Richardson lazima niwaambie kidogo manake ni mtu wa ajabu. Alizaliwa Louisiana mwaka 1838, kwenye shamba la miwa la watumwa, hilo tusilifiche. Alikuwa na kigugumizi, na hicho kigugumizi ndicho kilichomzuia kwenda chuo cha jeshi, akaenda Harvard badala yake, alafu Paris kusomea ujenzi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikamkuta huko, pesa za nyumbani zikakatika, akawa anafanya kazi kwenye ofisi za Wafaransa ili ale. Alirudi na masomo ya Paris, na katika kazi zake akaupenda mtindo wa makanisa ya kale ya Ufaransa na Hispania, yale ya kabla hawajaanza kuchonga matao yenye ncha. Ukuta mnene, tao la duara, jiwe lisiloona haya kuwa jiwe. Kanisa la Trinity pale Boston ni lake, lilikwisha 1877, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Alikuwa mtu mnene, mpenda kula, mgonjwa wa figo, akafariki 1886 akiwa na miaka 47, na bado ule mtindo umeitwa kwa jina lake mpaka leo na kuigwa kwa mahakama na stesheni za treni nchi nzima.

Woburn ndiyo maktaba yake ya kwanza. Michoro ya 1876, jengo likafunguliwa 1879. Ukisimama ng'ambo ya barabara utaapa ni kanisa. Kuna mnara, kuna paa kali lenye pembetatu mbele, kuna bawa refu upande mmoja kama pale waumini wanapokaa, na upande wa pili kabisa kuna chumba cha pembe nane ambacho kilikuwa makumbusho ya mawe na viumbe. Rangi yake ni ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu, ni jiwe la mchanga la Longmeadow, hukohuko magharibi mwa jimbo, na mistari ya jiwe jeupejeupe la Ohio imepita katikati na kwenye matao hadi ukuta unakuwa na milia. Vichwa vya nguzo vimechongwa majani, na hakuna kimoja kinachokuchosha. Utaona fundi wa mawe aliachiwa nafasi, hakufungiwa kwenye kipimo.

Mlango ni tao, unapanda ngazi, unaingia kwa mnara. Kamati ilitaka vitu vinne, vitabu, chumba cha kusomea, chumba cha picha na hayo makumbusho, na Richardson akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote, kila kimoja akakipa umbo lake kinachoonekana kutoka nje. Yaani hata kama hujui kusoma ukipita barabarani unajua hapa ndani pana vitu vinne tofauti. Leo kaunti zetu zikijenga, ofisi ya ardhi, zahanati na ukumbi wa vijana vyote ni boksi moja, mabati ya bluu, vioo vya rangi ya moshi, unauliza askari hapa ni wapi.

Lakini moyo wa jengo ni lile bawa la vitabu. Ukitazama toka hapo kwenye kaunta ya zamani unaona ukumbi mrefu, dari ya mbao imepinda kama jahazi lililopinduliwa, kushoto na kulia nguzo za mbao, na kati ya nguzo na nguzo pana kijichumba kisicho na mlango, kuta zake tatu ni rafu za vitabu, alafu juu yake roshani yenye vijichumba vingine vilevile. Ghorofa mbili za vitabu zinakuangalia. Chini ya paa pana mstari wa madirisha, na mkumbuke jengo limefunguliwa 1879, Edison hajaonyesha taa yake ya umeme, ilikuja mwishoni mwa mwaka huo, kwa hivo mwanga wa jua ndio ilikuwa kila kitu. Hata viti na meza vimechorwa ofisini kwa Richardson, vya mbao ngumu, vingine leo viko makumbusho ya sanaa kule Boston. Nimekaa kwenye meza pale nikasahau simu. Uzuri wa namna hiyo unakushika bila kukupigia kelele, na mimi nimetoka nyumba za mawe za Mji wa Kale Mombasa, sishangazwi na ukuta hivihivi.

Sasa tuje kwenye kasoro, ambayo ndiyo sababu ya barua.

Miaka hiyohiyo, 1876, wakutubi wa Marekani walikutana Philadelphia wakaunda chama chao. Na mojawapo ya mambo yaliyowaunganisha haraka ni kuwachoka maakitekti. Kiongozi wa hiyo vita alikuwa William Frederick Poole, mkutubi wa Chicago, mtu mkali. Mwaka 1881 walipokutana Washington aliwachambua kisawasawa. Alisema haya maukumbi marefu yenye roshani ni ya kupendeza macho tu. Joto linapanda juu, na juu ndiko mlikoweka vitabu, ngozi ya jalada inakauka na kupasuka. Mfanyakazi anapanda na kushuka ngazi siku nzima kufuata kitabu kimoja. Moto ukianza kona moja ukumbi wote ni mmoja, hakuna pa kuuzuia. Na vitabu vikiongezeka, ambavyo lazima viongezeke, huna pa kuviweka, manake zile rafu ni sehemu ya jengo, huwezi kusogeza hata moja. Yeye alitaka vyumba vya kawaida, rafu fupi ambazo mtu mzima anafikia kwa mkono bila ngazi, na nafasi ya kupanua.

Kila neno la hapo linaipiga Woburn kifuani. Na kinachouma zaidi ni kwamba Richardson alizidi kujenga, North Easton, Quincy, Malden, na ile ya chuo kikuu kule Burlington, Vermont, na jinsi anavyoendelea unaona nje anajifunza, anapunguza, ukiiona Quincy ya 1882 utashangaa jinsi ilivyotulia, paa moja refu, tao moja la mlango, basi, wengi wanasema ndiyo bora ya zote na mimi sibishi sana. Lakini ndani? Vijichumba vilevile. Zote tano. Wakutubi wanapiga kelele kwenye mikutano, yeye anaendelea kuvichora, na wenye pesa wanaendelea kuvipenda, manake aliyekuwa analipa alikuwa familia ya marehemu, sio anayepanda ngazi.

Na msomaji naye hakuingia kwenye vile vijichumba. Mtindo wa enzi hizo ni unasimama kaunta, unataja kitabu, unaletewa. Yaani lile bawa zuri, mali ya umma, mwananchi analiangalia kwa mbali. Mtoto ndiyo kabisa, vyumba vya watoto kwenye maktaba za huku vilianza kuonekana miaka ya 1890. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuna aliyemuwaza, ngazi zile pale mlangoni zinakueleza. Hapo nje ya hiyo maktaba pana sanamu ya Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn mwaka 1753, ambaye alikimbilia kwa Waingereza wakati wa vita vya uhuru na baadaye akapewa cheo cha Count Rumford huko Ulaya, na kilichompa umaarufu ni utafiti wake wa joto na jinsi ya kutengeneza meko zisizopoteza joto. Huwa namtazama nasema mzee si ungeingia hapo ndani ukawaambia.

Basi mji ukakaa nalo. Vitabu vikaongezeka, karne ya 20 ikapita, makumbusho ya pembe nane yakageuzwa matumizi, kila kona ikajaa. Mwaka 1987 jengo likatangazwa alama ya kihistoria ya taifa, heshima kubwa, lakini heshima haikuongezi hata futi moja ya rafu. Mpaka 2019 ndipo mji ulipofungua sehemu mpya, kubwa kuliko ya zamani, imejengwa nyuma kwa adabu isimzibe mkubwa wake, mamilioni ya dola kutoka kodi ya mji na msaada wa jimbo, mahali pa watoto, lifti, mlango ambao mwenye kiti anaingia mwenyewe bila kubebwa, vyoo vya maana. Na lile bawa la Richardson wakalisafisha, wakalirudishia hadhi yake, na leo mwananchi anaingia akakaa. Nendeni mkaone, sisemi hivi kwa sababu nakaa huku, nasema kwa sababu ni kazi iliyofanywa vizuri.

Hapo sasa mtu ataniambia basi wewe unatuhubiria tujenge boksi, si Poole alisema vyumba vya kawaida? La. Poole kwenye rafu alikuwa sahihi mia kwa mia, kwenye jengo mimi sikubaliani naye. Jiulizeni kwa nini Woburn, mji wa wafanyakazi wa ngozi na baadaye wa watu wa kawaida tu wanaokwenda kazini Boston, walikubali kulipa kodi ya mamilioni kulinda kitu cha 1879 chenye matatizo yote hayo. Ni kwa sababu wanakipenda. Harusi zinapiga picha hapo. Maktaba za boksi za miaka ya 1960 zinabomolewa huku kila mwaka na hakuna anayelia. Jengo zuri linajitafutia watetezi wake lenyewe, na hiyo ni akiba ambayo hamtaiona kwenye BQ, ile orodha ya vifaa na gharama, ya kontrakta.

Niongeze kitu kimoja ambacho hakipendezi. Kituo chetu cha treni pale kinaitwa Anderson/Woburn, kimejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya viwanda vya kemikali na vya gundi ya ngozi, ardhi yenye arseniki na kromi, na marundo ya ngozi zilizozikwa yaliyokuwa yakinuka mtaa mzima mpaka serikali ikaingilia kusafisha. Jina la kituo ni la mtoto wa pale aliyekufa kwa leukemia. Mwaka 1979, miaka mia kamili baada ya maktaba kufunguliwa, visima viwili vya maji ya mji vilifungwa baada ya kukutwa na kemikali, ikawa kesi iliyosikika dunia nzima. Sisemi familia ya Winn ndiyo iliyotia sumu visima, hapana, hizo ni kampuni nyingine na wakati mwingine. Nasema pesa za viwanda zikija na maktaba mkono huu, mkono wa pili nao uangaliwe. Kuna kampuni huko kwetu zinachimba, zinalipua, zinamwaga, alafu zinakuja na hundi kubwa ya plastiki ya kujenga maktaba ya shule. Chukueni maktaba, lakini na maji mpime. Siku hiyohiyo.

Turudi kwenye pesa. Wasia wa Winn ulijenga jengo, lakini tangu ile sheria ya 1851 kuendesha maktaba ni kodi ya mji, mishahara, vitabu vipya, makaa ya kupasha joto, paa. Baadaye alipokuja Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma, akalifanya hilo sharti kabisa. Alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, 1,679 hapa Marekani peke yake, na masharti yake kwa kila mji yalikuwa mafupi, mtoe kiwanja, na muahidi kila mwaka asilimia kumi ya gharama ya jengo kwa kuliendesha, bila hivo hakuna hundi. Na katibu wake, James Bertram, alichoka kuona pesa zinaishia kwenye nguzo na kuba, mwaka 1911 akachapisha kijitabu cha maelekezo akawa anawatumia, vyumba viwe hivi, kaunta iwe hapa ili mtu mmoja aone jengo zima, msiniletee upuuzi. Hapo mkutubi ndipo aliposhinda vita. Ukiniuliza, walipitiliza kidogo, lakini zile asilimia kumi ni dawa.

Sisi tuna kitu gani? Tuna desturi ya jiwe la msingi. Najua maktaba moja, kaunti sitaitaja na wala msinibembeleze, ilijengwa ikapakwa rangi, ikazinduliwa na ngoma na tisheti, alafu ikakaa imefungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kuifungua. Bajeti ilikuwa na saruji, haikuwa na mtu. Vitabu vilikuwa bado kwenye makatoni ya wafadhili, vingine vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine, nani atavisoma? Wanafunzi wakawa wanasomea barazani nje, kwenye kivuli cha maktaba iliyofungwa. Wallahi nimeyaona hayo kwa macho yangu, na nyinyi mnayajua ya kwenu pia.

Na msije mkaniambia ati sisi hatuna historia ya majumba haya. Nairobi iko maktaba ya McMillan, ilifunguliwa 1931, nguzo na simba mlangoni, kumbukumbu ya Mmarekani mwingine, William Northrup McMillan, mzaliwa wa St. Louis, mkewe ndiye aliyeijenga. Ina sheria yake yenyewe ya tangu 1938. Ilikuwa ya Wazungu tu hadi uhuru ulipokaribia, hilo nalo limo kwenye zile ngazi. Ila miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, wakiongozwa na wanawake wawili waliokuwa na mapenzi na vitabu, waliingia ubia na kaunti wakaanza kuzifufua matawi ya Kaloleni na Makadara, na walianza kwa kuwauliza watu wa mtaa mnataka nini humu ndani. Mtaona hawakuanza na rangi. Kwa hivo somo silileti peke yangu kutoka Ulaya na Amerika, liko hapo Eastlands, mtu anapanda matatu anafika.

Sasa ombi langu, na nitalisema vile ningelisema nikiwa nimekaa mbele yenu ofisini.

Kabla ya tenda ya michoro, kaeni siku nzima na mkutubi anayefanya kazi, sio mkurugenzi wa mkutano, yule anayepanga vitabu na kufukuza popo. Muulizeni jua linaingia wapi saa nane mchana, mvua inapiga upande gani, watoto wa darasa la nne wanakaa wapi na watu wazima wa magazeti wanakaa wapi, kaunta ikiwa wapi anaona wote bila kuzunguka, choo kiko wapi, na vitabu vikiongezeka mara mbili atavisogeza vipi. Majibu yake yaandikwe na akitekti ayasaini kwamba ameyapata. Kwetu Pwani mwulizeni na habari ya chumvi ya bahari na mchwa, manake rafu za chipbodi mnazonunua zinaliwa kabla hamjamaliza muhula.

Alafu akitekti mwacheni achore kitu kizuri, na mumlipe vizuri. Tuna mafundi wa kuchonga milango Lamu, tuna watu wanaojua matumbawe na chokaa, tuna mawe ya Ndarugo bara, tuna mabaraza. Sitaki kuona Woburn ya plastiki Kilifi, ile ilijengwa kwa theluji. Sisi tunataka kivuli na upepo, dari ya juu kwetu ni baraka manake joto lipande huko juu litoke, mradi huko juu msiweke vitabu. Richardson angekuwa amezaliwa Shela, kule Lamu, angefanya hivo.

Na pesa. Bunge la kaunti lipitishe sheria, sio azimio, sheria, kwamba kila maktaba ikijengwa kuna asilimia ya gharama yake itatengwa kila mwaka kwa mishahara, vitabu na paa. Kumi ya Carnegie ikiwa nzito anzeni na sita, lakini iandikwe, ili gavana ajaye asiifute kwa sababu haina jina lake. Na walinzi wa hiyo pesa wawe bodi yenye mwalimu, mzazi, kijana na huyo mkutubi, sio binamu.

Mwisho, michoro ikiwa tayari msiifungie ofisini. Ibandikeni sokoni wiki mbili, mama wa samaki aione, fundi wa pikipiki aione, watawaonyesha makosa ambayo hamjayawaza. Nikija Disemba nitapita kuitazama na mimi, na nikikuta ngazi mlangoni bila rampu nitaandika barua ya pili na hiyo nitataja kaunti.

Wenu mtiifu lakini sio sana,
Mzaliwa wa Pwani, mkaazi wa Lowell